Mwenye Ulimi Mzito Naye Ana Neno



Umejifunza kusoma. Umejifunza kuandika barua na kupiga hesabu za shamba lako. Hizo ni kazi kubwa, na umezishinda. Lakini iko kazi moja ambayo bado inatushinda wengi. Kazi hiyo ni kusimama mbele ya watu na kusema.

Labda wewe umejifunza Kiswahili ukubwani, na nyumbani mnasema lugha nyingine. Labda una kigugumizi. Labda unajua vizuri unalotaka kusema, lakini ukisimama magoti yanatetemeka na maneno yanakimbia. Somo hili ni lako. Ni la jirani yako pia, yule anayekaa mkutanoni kukusikiliza. Na ni la mwalimu wa darasa lenu la kisomo.

Kusema mbele ya watu si kipawa cha watu wachache. Ni kazi, na kila kazi ina jinsi ya kujifunza. Hakuna aliyezaliwa akijua kushika jembe.

Tuanze na mfano wa kijiji kimoja. Kijiji hiki hatukipi jina. Kinaweza kuwa kijiji chochote, hata chako.

KISIMA KARIBU NA OFISI

Kijiji hiki kilipata pampu moja ya maji, ile ya kusukuma kwa mkono. Mkutano mkuu uliitwa ili wanakijiji waamue pampu ifungwe wapi. Wengi walitaka ifungwe kwenye kisima cha zamani karibu na ofisi ya kijiji. Walisema pale ni karibu na kisima tayari kipo.

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja. Mama huyu alijua jambo ambalo wasemaji wengine hawakulijua. Alikuwa amechota maji katika kisima kile kwa miaka 15. Alijua kwamba kila mwaka, ikifika Septemba, kisima kile hutoa ndoo chache, kisha hutoa tope. Alijua pia kwamba maji ya bondeni, karibu na mti wa mkuyu, hayajapata kukauka.

Mkutano ule ulifanyika mwezi wa Aprili, wakati wa masika. Kisima cha ofisini kilikuwa kimejaa maji. Nani angefikiri juu ya kukauka?

Mama alinyoosha mkono. Mwenyekiti akampa nafasi. Akasimama.

"Kisima ile," akaanza. "Mwezi ya... kisima ile..."

Kijana mmoja akacheka. Wengine wakamfuata. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mama, kwanza kajifunze Kiswahili."

Mama akaketi. Akavuta khanga yake, akajifunika uso.

Mikono ikahesabiwa. Pampu ikafungwa karibu na ofisi. Septemba ilipofika, watu wakasukuma pampu, ikatoa upepo. Kina mama na watoto wakarudi bondeni na ndoo zao. Fedha za kijiji zilikuwa zimekwisha.

Je, nani alipata hasara siku ile? Si yule mama peke yake. Ni kijiji kizima. Hata aliyecheka alirudi nyumbani akakuta mtungi mtupu.

KWA NINI WATU HUNYAMAZA

Katika nchi yetu ya Tanzania kuna lugha zaidi ya 120. Kiswahili kinatuunganisha sote, lakini si sote tuliokinyonya na maziwa ya mama. Wengi wetu tulikutana nacho shuleni, sokoni, au katika darasa la kisomo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mwerevu sana katika lugha ya kwao, na bado akaonekana kama mtoto anaposema Kiswahili. Akili yake haikupungua. Maneno tu ndiyo machache.

Wengine hunyamaza kwa sababu ya kigugumizi. Neno wanalijua, lakini halitoki.

Wengine hunyamaza kwa woga. Woga huu huwapata hata watu wanaosema Kiswahili safi. Mtu mwenye woga hukauka koo, moyo humwenda mbio, na mikono humtoka jasho. Ukisikia hivyo, usidhani unaumwa. Ni mwili unaojiandaa kwa kazi ngumu.

Kunyamaza kuna gharama. Kwa sheria ya Tanzania, kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu. Mkutano huo ni wewe na mimi. Sheria haikusema kwamba mjumbe lazima awe fundi wa maneno. Lakini ukinyamaza, shamba hugawiwa, kisima huchimbwa, na mchango hupangwa bila neno lako.

Wazee walisema: Mficha uchi hazai.

Basi mwalimu wa kisomo wa kijiji kile alisikia habari za mama yule. Alimwita. Pia alimwita kijana mmoja mwenye kigugumizi. Kijana huyu alikuwa hodari wa hesabu kuliko wote darasani, lakini hakuna aliyetaka kumchagua awe mweka hazina. Watu waliuliza, "Atasomaje mapato na matumizi mbele ya mkutano?"

Mwalimu aliwafundisha wote wawili pamoja na darasa zima. Hizi ndizo hatua walizofuata.

HATUA YA KWANZA: CHAGUA JAMBO MOJA

Mwalimu alimwuliza mama, "Ukipewa nafasi ya kusema sentensi moja tu, utasema nini?"

Mama alifikiri. Mwalimu akamwambia, "Sema kwanza kwa lugha ya kwenu." Mama akamgeukia mwenzake wa lugha moja, akamwambia yote bila kukwama. Kisha wote wawili wakatafuta maneno ya Kiswahili. Wakapata sentensi hii: "Pampu ya ofisini haina maji wakati wa kiangazi."

Angalia jinsi walivyofanya. Kwanza waliweka fikira sawa katika lugha wanayoijua vizuri. Baadaye ndipo walipotafuta Kiswahili. Mtu akitafuta fikira na maneno kwa wakati mmoja, hubeba mizigo miwili. Weka mmoja chini kwanza.

Na wewe ufanye hivyo. Usiende mkutanoni na mambo matano. Nenda na moja.

HATUA YA PILI: PANGA MANENO KWA VIDOLE VITANO

Mtu akisimama mbele ya watu husahau. Karatasi nayo hutetemeka mkononi. Lakini vidole vyako unavyo siku zote. Basi panga maneno yako hivi:

Kidole gumba: Mimi ni nani, na nasema juu ya nini.

Kidole cha pili: Shida ni nini.

Kidole cha tatu: Nimejuaje. Huu ndio ushahidi wangu.

Kidole cha nne: Naomba tufanye nini.

Kidole cha mwisho: Asante. Sasa naketi.

Unaposema, shika kidole kimoja kimoja kwa mkono mwingine. Ukisahau, tazama umefika kidole gani.

Kidole cha tatu ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Watu wengi husema, "Kisima hukauka sana." Maneno hayo hayapimiki. Mwalimu alimwuliza mama, "Mwaka jana ulichota ndoo ngapi?" Mama akakumbuka: siku ya kwanza ndoo 2, siku ya pili ndoo 1, siku ya tatu tope. Huo ni ushahidi. Hesabu uliyojifunza darasani inakusaidia hapa. Mtu mwenye maneno machache na hesabu sahihi hushinda mtu mwenye maneno mengi.

HATUA YA TATU: TENGENEZA MANENO YANAYOBADILI MAANA

Sasa sikiliza vizuri, hasa wewe unayewasaidia wenzako. Mtu anayejifunza lugha hufanya makosa ya namna mbili.

Kosa la kwanza haliharibu maana. Mama alisema "kisima ile" badala ya "kisima kile". Je, ulimwelewa? Ulimwelewa. Mwingine husema "zambi" badala ya "dhambi", au "selasini" badala ya "thelathini". Naye umemwelewa. Makosa haya yatapungua polepole. Usimkatize mtu kwa ajili yake.

Kosa la pili hugeuza maana. Katika lugha nyingi za kwetu, sauti ya L na sauti ya R hazitenganishwi. Kwa Kiswahili zinatenganishwa. Tazama:

kula na kura

mahali na mahari

Mtu akisema mkutanoni, "Twende tukapige kula," watu watacheka. Akisema, "Tujadili mahari pa kisima," watu watajiuliza ng'ombe wametoka wapi. Maneno ya namna hii yafanyieni mazoezi. Msomaji mmoja aseme neno, mwenzake aonyeshe ni lipi kati ya hayo mawili. Kisha wabadilishane.

Wakati nao hugeuza maana. "Kisima kilikauka" ni jambo lililopita. "Kisima kitakauka" ni jambo linalokuja. "Kisima hukauka" ni jambo la kila mwaka. Mama alitaka kusema la tatu. Kwa hiyo alijizoeza neno moja tu, "hukauka", mpaka likamkaa.

Mwalimu, fuata kanuni hii. Mwache mtu amalize. Kisha msahihishe jambo moja au mawili, yale yanayogeuza maana. Ukimsahihisha kila neno, atajifunza kitu kimoja tu: kunyamaza.

Mpe pia sentensi za kujiokoa. Ni kama kamba ya kushika unapovuka mto:

"Naomba mnisubiri kidogo."

"Neno hilo kwa Kiswahili silijui. Ni kile kitu cha kuchotea maji."

"Nilitaka kusema hivi."

"Naomba urudie swali polepole."

Sentensi hizi mtu azijue kwa moyo. Akikwama, asikae. Ashike kamba.

HATUA YA NNE: JIZOEZE NGAZI KWA NGAZI

Mtu hajifunzi kuogelea kwa kutupwa katikati ya ziwa. Mama hakupelekwa mkutanoni mara moja.

Wiki ya kwanza alisema maneno yake mbele ya mtu mmoja, rafiki yake, wakiwa wanapukuchua mahindi. Wiki ya pili alisema mbele ya watu watatu. Wiki ya tatu alisimama mbele ya darasa zima. Wiki ya nne darasa liligeuka kuwa mkutano wa mchezo. Mmoja alikuwa mwenyekiti. Mwingine aliambiwa aulize maswali magumu. Mwingine aliambiwa apinge.

Mchezo huu una faida kubwa. Swali gumu likikupata mara ya kwanza darasani, halitakuangusha mkutanoni.

Unapojizoeza, kumbuka haya:

Simama miguu yote miwili ikiwa imara.

Vuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Usianze pumzi ikiwa imekwisha.

Sema polepole kuliko unavyosema nyumbani. Mwoga hukimbia, na maneno yake hukimbia naye.

Ukimaliza sentensi, nyamaza kidogo. Wewe utaona kimya hicho ni kirefu. Wasikilizaji hawakioni hivyo. Wao wanakitumia kuelewa.

Mtazame mtu mmoja anayekutakia mema. Mweleze yeye. Kisha mtazame mwingine.

Sema kwa dakika 2 au 3, kisha kaa.

Kama una simu inayoweza kushika sauti, jirekodi ukiwa peke yako, kisha usikilize. Mara ya kwanza hutaipenda sauti yako. Hakuna anayeipenda. Sikiliza mara ya pili, nawe utasikia mahali unapokimbia.

JUU YA KIGUGUMIZI

Sasa turudi kwa kijana wetu.

Kigugumizi ni nini? Ni hali ya maneno kukwama. Mtu hurudia sauti, "ma-ma-maji", au huivuta, "mmmmaji", au neno hukataa kutoka kabisa. Mara nyingi huanza utotoni, kati ya miaka 2 na 5. Watoto wengi huachana nacho wanapokua. Lakini karibu mtu mmoja katika kila watu wazima 100 huendelea kuwa nacho. Wanaume ni wengi kuliko wanawake. Tena huonekana katika baadhi ya koo, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

Kigugumizi hakiambukizi. Si laana, wala si dalili ya uwongo. Si upungufu wa akili. Mtoto hapati kigugumizi kwa kutekenywa, wala kwa kumwiga mwenzake.

Usikubali mtoto wako akatwe kimeo au chini ya ulimi ili kuondoa kigugumizi. Kukata hakuondoi kigugumizi. Kidonda kinaweza kutoa damu nyingi au kuingiza pepopunda, na mtoto anaweza kufa. Mpeleke kwa mganga wa zahanati, mwulize kama katika hospitali ya mkoa yuko mtaalamu wa matatizo ya kusema.

Jambo la ajabu ni hili. Watu wengi wenye kigugumizi hawakwami wanapoimba. Wala hawakwami wanaposoma pamoja na wengine kwa sauti moja. Mwalimu wa kisomo alilitumia jambo hili. Darasa zima lilisoma ukurasa pamoja, na kijana alisoma nao vizuri. Siku nyingine walisoma wawili, yeye na jirani yake. Baadaye jirani alipunguza sauti kidogo kidogo, mpaka kijana akasikika peke yake.

Mwalimu alimfundisha pia kulianza neno kwa ulaini. Neno likikwama, mtu hupenda kulisukuma kwa nguvu, kama mlango uliokwama. Likisukumwa, huzidi kukaza. Afadhali aache, avute pumzi, aanze tena pole.

Na alimfundisha kusema mapema: "Ndugu zangu, nina kigugumizi. Naomba mnivumilie." Baada ya maneno hayo, hakuna siri tena. Nusu ya mzigo wa mwenye kigugumizi ni kukificha. Akiacha kukificha, mzigo hupungua.

Labda utasema, "Haya ni maneno tu." Basi sikiliza habari ya mtu mmoja aliyejulikana dunia nzima. Kama kwenu kuna sarafu ya zamani ya shilingi, ile yenye simba upande mmoja, huenda upande wa pili ukaona kichwa cha mfalme. Huyo anaweza kuwa George wa Sita wa Uingereza, aliyetawala wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Mtu huyu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Mwaka 1925, kabla hajawa mfalme, alitoa hotuba ya kufunga maonyesho makubwa mjini London. Maneno yalikwama mbele ya umati, naye aliona aibu sana.

Mwaka uliofuata, 1926, alianza kujifunza kwa mwalimu wa kusema aliyetoka Australia, jina lake Lionel Logue. Logue alimzoeza kuvuta pumzi. Walizisoma hotuba pamoja kabla ya siku yenyewe, na walitia alama mahali pa kupumzika. Septemba 3, mwaka 1939, vita kuu ya pili ilipoanza, mfalme alisema katika redio, na watu wa nchi nyingi walimsikiliza. Alisema polepole, akipumzika mara kwa mara. Kigugumizi hakikumwacha kabisa maisha yake yote. Lakini alifikisha ujumbe wake.

Mfalme alihitaji mwalimu, na mazoezi ya miaka. Basi na sisi tusione haya kujizoeza.

KAZI YA MSIKILIZAJI

Mpaka hapa tumemfundisha msemaji. Lakini kazi ya kusema hufanywa na watu wawili: mwenye mdomo na mwenye masikio. Kama siku ile ya pampu watu wasingecheka, mama angemaliza maneno yake hata kwa Kiswahili kibovu. Kijiji kingepona.

Kwa hiyo wewe unayesikiliza, shika haya:

Usicheke.

Usimmalizie maneno. Mwenye kigugumizi analijua neno lake. Ukimmalizia, unamnyang'anya.

Usimwambie "tulia" au "sema haraka". Maneno hayo humzidishia woga.

Mtazame usoni kama unavyomtazama mtu mwingine.

Sikiliza anachosema. Usisikilize anavyokwama.

Nawe mwenyekiti, kazi yako ni kubwa zaidi. Waambie watu mapema jambo litakalojadiliwa, ili wenye ulimi mzito wapate siku za kujiandaa. Usiwape nafasi wasemaji wale wale kila siku. Uliza, "Je, yuko mtu huko nyuma ambaye hajasema?" Kisha subiri. Mtu akitaka kusema kwa lugha ya kwao, mtafute mwenyeji mwaminifu atafsiri. Kutafsiri ni dakika chache. Kisima kikavu ni miaka.

Kama kijijini yuko kiziwi, jua kwamba naye ana neno. Viziwi wana lugha yao ya alama, na ni lugha kamili. Yuko ndugu au rafiki anayeijua. Mwiteni akae pale anapoonekana, atafsiri.

MKUTANO WA PILI

Mwaka uliofuata, mkutano mkuu uliitwa tena. Jambo lilikuwa lile lile la pampu.

Mama alinyoosha mkono. Alisimama, akavuta pumzi, akashika kidole gumba. Alisema hivi:

"Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mimi nachota maji kila siku. Nataka kusema juu ya pampu. Pampu ya ofisini haina maji wakati wa kiangazi. Kisima ile hukauka. Mwaka jana, mwezi wa Septemba, siku ya kwanza nilipata ndoo 2. Siku ya pili, ndoo 1. Siku ya tatu, tope. Siku zile zile, bondeni karibu na mkuyu, tulichota sote. Naomba tuhamishe pampu. Naomba tuchimbe kabla ya mvua, wakati maji yako chini kabisa. Maji tutakayoyapata wakati huo hayatatukimbia. Asante."

Umeona? Alisema "kisima ile" kama zamani. Safari hii hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanahesabu ndoo.

Mzee mmoja akauliza, "Bondeni wakati wa masika hufurika. Maji machafu hayataingia kisimani?"

Swali lilikuwa gumu. Mama alinyamaza kidogo. Kisha akashika kamba yake: "Naomba mnisubiri kidogo." Akafikiri, akasema, "Hilo sijui, mzee wangu. Naomba fundi aje apime upande wa juu wa mkuyu, mafuriko hayafiki pale."

Mkutano ukakubali. Watu wanne walichaguliwa kwenda na fundi, na mama akiwa mmoja wao.

Kisha kijana akaitwa asome hesabu ya mfuko wa maji. Alisema kwanza kwamba ana kigugumizi. Alisoma polepole. Kwenye neno "matumizi" alikwama. Mkutano mzima ukakaa kimya ukimsubiri. Akavuta pumzi, akaanza tena pole, neno likatoka. Akaendelea mpaka shilingi ya mwisho. Hesabu zilikuwa sawa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kijiji kilifunga pampu mahali pabaya mara ya kwanza? Kosa lilikuwa la nani?

2. Je, katika mikutano ya kijiji chenu, ni watu gani ambao hawasemi? Kwa nini?

3. Taja makosa mawili ya kusema yanayogeuza maana, na mawili yasiyogeuza.

4. Mtoto wa jirani yako ana kigugumizi, na bibi yake anataka akatwe kimeo. Utamwambia nini bibi huyo, kwa heshima?

ZOEZI

Chagua jambo moja ambalo kijiji chenu kinapaswa kulisikia kutoka kwako. Andika sentensi tano, moja kwa kila kidole. Wiki hii mwambie mtu mmoja. Wiki ijayo waambie watu watatu. Wiki ya tatu simama darasani. Mkutano mkuu ukiitwa, nyoosha mkono.